Pikapu ya dizeli ama ya petroli? Kwanza niambie mzigo wako unapanda ama unashuka

Nianze na jibu halafu nieleze, maana najua kuna mtu anasoma hii akiwa na pesa tayari na broka anampigia simu. Kama unabeba karibu tani moja, kila siku, kilomita mia na kuendelea, na kwa njia yako kuna milima kama hii yetu ya Mau Summit ama ile ya kupanda Kericho, chukua dizeli yenye turbo (ile feni inayosukuma hewa ndani ya injini) na usisumbuke kuuliza mtu mwingine. Kama kazi yako ni kuzunguka Nakuru mjini ama Kisumu, unapeleka mifuko kumi ya simiti hapa, kreti za soda pale, unazima unawasha siku nzima, chukua petroli. Wale wako katikati ndio wanaumia, na ni wengi sana, na hao ndio nawaandikia leo.

Huku kwetu mtu akisema tu anatafuta pikapu ameshaambiwa dizeli. Jirani amesema dizeli, fundi amesema dizeli, mzee wa kanisa amesema dizeli. Ati ina nguvu, haili mafuta, inadumu, ukiuza inarudisha pesa. Yote hayo yana ukweli lakini ukweli wenyewe unategemea ni dizeli gani, inafanya kazi gani, na inafanyia wapi, na nimeona watu wazuri, watu wa bidii, wakichukua mkopo wa sacco kununua dizeli kisha inakaa kwa gereji wiki tatu ikingoja injekta, kile kifaa cha kunyunyizia mafuta ndani ya injini, huku mkopo unaendelea kulipwa. Hiyo inaniuma.

Hewa ya huku juu

Hii ndiyo sehemu watu hawazungumzii kabisa na ndiyo kubwa kwa mtu wa Bonde la Ufa na magharibi. Injini inachoma mafuta kwa hewa, na hewa inakuwa nyepesi kadiri unavyopanda. Kisumu iko kama mita 1,130 kutoka usawa wa bahari, Nakuru mjini ni kama 1,850, Molo inakaribia 2,500, na pale Timboroa kwa barabara ya Eldoret unapita mita 2,700. Injini isiyo na turbo, iwe ya petroli ama ya dizeli, inapoteza karibu asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita elfu moja unazopanda. Maana yake ukiwa Kisumu umeshapoteza sehemu moja kwa kumi, Nakuru karibu asilimia 18, na Timboroa robo nzima imeenda hata kabla hujaweka gunia moja nyuma.

Sasa chukua Hilux ya petroli ya 2.7, ile injini ya 2TR. Nguvu yake ya kuvuta ni kama Nm 241, na hizo unazipata ukishafika mizunguko 3,800 hivi kwa dakika. Kule Timboroa zimebaki kama 180. Kisha chukua ile dizeli ya zamani ambayo wazee wetu wanaipenda, 5L ya lita tatu, haina turbo, nguvu ya kuvuta iko chini kidogo ya 200 ikiwa chini baharini, kwa hivyo kule juu umebaki na 150 hivi. Umeona hapo? Hiyo dizeli ya zamani inavuta kidogo kuliko petroli ya 2.7, na bado utasikia mtu anakwambia dizeli ina nguvu. Kile inacho ni kwamba nguvu yake inakuja mapema, mizunguko ikiwa chini, ndio maana inahisi ni kama trekta kwa matope na haizimi ovyo ovyo. Lakini mlimani yenye mzigo inatambaa, na unaona ule moshi mweusi unatoka nyuma, ni kwa sababu pampu inamwaga dizeli ya kiasi kile kile na hewa ya kuichoma haitoshi.

Ukija kwa dizeli ya turbo mambo inabadilika kabisa. 2KD ya Toyota ya lita 2.5, ile yenye intakula (kipoza hewa ya turbo), inatoa Nm 343 kuanzia mizunguko 1,600 tu, na kwa sababu turbo inasukuma hewa ndani kwa nguvu, sehemu kubwa ya ile hewa umepoteza kwa mwinuko inarudishwa. Zile mpya za 2.4, yaani 2GD, ukichukua ya otomatiki zinafika Nm 400. Isuzu D-Max za turbo ni hivyo hivyo, zinavuta kutoka chini.

Nimepanda na shemeji yangu kutoka Ahero na mchele nyuma kwa Hilux yake ya petroli. Mpaka Awasi hapo ni raha tupu, gari haina kelele, mnaongea polepole mnasikizana. Ikianza kupanda kuelekea Kericho anarudi gia ya tatu, halafu ya pili, mshale wa mizunguko uko karibu 4,000 na injini inalia, matatu zinatupita moja baada ya nyingine, na shemeji ameangalia geji ya mafuta mara nyingi kuliko barabara. "Shem, hii si gari ya mlima," akaniambia, na gari yenyewe haikuwa na shida yoyote, ilikuwa imetoka sevisi. Mlima ule ule na D-Max ya turbo yenye mzigo kama huo unapanda na gia ya tatu, mizunguko 2,000 na kitu, na dereva anakula njugu.

Lakini angalia upande wa pili. Mtu wa viazi anayetoa Molo kupeleka Kisumu, yeye anatelemka na mzigo kwa sehemu kubwa ya safari, zaidi ya mita 1,300 za kushuka, halafu anapanda akirudi mtupu ama na vitu vyepesi. Mtu wa mchele wa Ahero ama samaki wa Dunga anayeleta Nakuru, yeye anapanda akiwa amelodi. Barabara ni moja, kilomita ni zile zile, lakini huyu wa pili anahitaji turbo kuliko huyu wa kwanza. Wa kwanza anahitaji breki nzuri na adabu ya kushuka na gia ndogo, sana sana pale ambapo barabara inateremka kwa muda mrefu kama Salgaa, na hiyo ni dizeli ama petroli, usiweke nyutro hata siku moja ati unaokoa mafuta. Ndio maana nauliza kila mtu kwanza, mzigo wako unapanda ama unashuka.

Na hapo kwa mzigo tuambiane ukweli. Tangu kanuni za viazi za 2019 gunia linafaa kuwa kilo 50, kwa hivyo magunia ishirini ni tani moja tayari, na pikapu nyingi za kabu moja zimetengenezewa hapo hapo kwa tani moja. Kama wewe unajua utabeba magunia thelathini na tano, shida yako haitatatuliwa na dizeli wala petroli, tafuta lori dogo.

Hesabu ya pampu

Watu wanalinganisha bei ya lita na wanaishia hapo. Oktoba 2025 EPRA, wale wa serikali wanaopanga bei ya mafuta, walikuwa wameweka petroli Nairobi 184.52 na dizeli 171.47, tofauti ya shilingi 13. Septemba 2023 wakati bei ilipanda mpaka watu wakashika kichwa, petroli ilikuwa 211.64 na dizeli 200.99, tofauti kama 11. Bei za Nakuru na Kisumu zinatofautiana kidogo na za Nairobi lakini hiyo nafasi kati ya petroli na dizeli inakaa karibu vile vile, na sababu moja kubwa ni ushuru, petroli inatozwa ushuru wa bidhaa kama shilingi 22 kwa lita na dizeli kama 11. Kwa hivyo urahisi wa dizeli si kitu cha milele, umeshikiliwa na serikali, wakiamua kusawazisha ushuru imeisha.

Faida kubwa zaidi ya dizeli iko kwa lita yenyewe. Lita moja ya dizeli ina nishati zaidi ya lita ya petroli, kama asilimia 10 na kitu juu, na injini ya dizeli inabana hewa zaidi, karibu mara 16 mpaka 18 kwa zile za turbo wakati petroli ni kama mara 10, kwa hivyo inatoa kazi nyingi kutoka kwa mafuta kidogo. Ndio maana kwa mzigo wa kawaida pikapu ya petroli ya 2.7 inakupa kama kilomita 8 kwa lita na dizeli ya turbo ya 2.5 inakupa kama 11. Dereva mbaya atakupa 6 na 8, lakini tutumie hizo.

Sasa tufanye hesabu ya mtu anatembea kilomita 100 kwa siku, siku 26 kwa mwezi, hiyo ni kilomita 2,600. Petroli atanunua lita 325, kwa bei ile ya Oktoba 2025 ni kama elfu 60. Dizeli atanunua lita 236, ni kama elfu 40 na nusu. Kila mwezi ameokoa elfu 19 na zaidi. Tuseme ile ya dizeli ilimgharimu laki tatu zaidi wakati wa kununua, na tuseme kila mwezi anaweka elfu tano pembeni kwa ajili ya injekta, turbo na mambo ya dizeli, hiyo akiba siku hizi ni lazima. Amebaki na elfu 14 na kitu, kwa hivyo laki tatu yake imerudi kwa miezi 21 hivi. Hapo hakuna mjadala.

Chukua sasa yule wa mjini, kilomita 30 kwa siku. Kwa mwezi ni kilomita 780. Petroli anatumia kama elfu 18, dizeli kama elfu 12. Tofauti ni chini kidogo ya elfu sita. Ukitoa ile akiba ya elfu tano amebaki na chini ya elfu moja kwa mwezi, laki tatu hairudi katika maisha ya hiyo gari. Hata ukisema kwa sababu anatembea kidogo akiba iwe nusu, 2,500, bado atangoja miaka saba na nusu. Miaka saba na nusu! Na gari yenyewe aliinunua ikiwa imetumika tayari. Weka namba zako mwenyewe, bei ya kununua ya kwako, kilomita za kwako, dakika tano na simu na kalkuleta, kabla hujasaini kitu chochote.

Dizeli ni mbili, si moja

Hapa ndio wengi wanachanganya. Kuna dizeli ya nozeli na pampu ya kawaida, 3L, 5L, 4JA1 za Isuzu na ndugu zake. Halafu kuna dizeli ya kompyuta, hizi D-4D za Toyota na wenzake, ambapo mafuta yanakaa kwa reli moja kwa presha ya zaidi ya baa elfu moja na injekta inafunguliwa kwa umeme. Sifa ya "dizeli haifi" ililetwa na zile za kwanza. Watu wakanunua za pili wakitegemea sifa ya za kwanza.

Ile ya zamani fundi yeyote Nakuru ama Kisumu anaweza, pampu inatolewa inapelekwa kukalibretiwa, nozeli zinabadilishwa, taiming belti inabadilishwa kwa wakati, kesho unarudi barabarani. Inanguruma, ina moshi, haina mbio, asubuhi ya baridi kule Mau Narok inataka hita plagi ziwe nzima la sivyo utasukuma na majirani. Lakini inavumilia. Kwa mtu wa shamba ndani ndani, anayenunua mafuta kwa mtungi na kilomita zake si nyingi, mimi bado naipenda hiyo gari, mradi hautegemei kupanda milima nayo kila siku ukikimbizana na soko.

Ile ya kompyuta ni tamu. Ina nguvu, imetulia, inakunywa kidogo. Lakini injekta moja mpya ya asili ni makumi ya maelfu, na ziko nne, na si kila fundi ana mashine ya kuzipima, kwa hivyo utasikia "tubadilishe tuone". Mwenye kuambiwa hivyo aende gereji nyingine. Zile D-4D za 3.0, 1KD, zinajulikana kwa shida ya washa za injekta, yaani zile pete ndogo za kuziba, zikianza kuvuja moshi unapita unaingia kwa oili, masizi yanajazana kwa chujio la oili lililo ndani ya sampu mpaka oili haipandi vizuri, na injini inajifunga mtu akidhani ilikuwa nzima. Dawa yake ni kubadilisha hizo washa kabla hazijaharibika, na ni kitu kidogo kwa bei ukilinganisha na injini. Kama unanunua 1KD muulize muuzaji washa zilibadilishwa lini. Akikuangalia kama hajui unaongea nini, hesabu kwamba hazijawahi.

Halafu kuna DPF, yaani ile filta ya masizi iliyo kwa egzosi. Hii iko kwa dizeli nyingi za miaka ya karibuni zinazotoka nje. Toyota waliacha kuuza Hilux Japani mwaka 2004 wakairudisha 2017, na hiyo waliyorudisha ni dizeli ya 2.4 yenye DPF na tangi la AdBlue, ile dawa ya kusafisha moshi, na kwa sababu sheria yetu inaruhusu gari isiyozidi miaka minane, hizo ndizo zinaingia siku hizi. DPF inajisafisha yenyewe ikipata moto, na moto unapatikana gari ikitembea mwendo wa barabara kuu kwa muda. Mtu wa Nakuru–Eldoret kila siku hatajua hata kama iko. Mtu wa kuzunguka Kondele mpaka Kibuye na kurudi, simama hapa shusha pale, taa ya DPF itamzoea. Na oili yake si ile ya kila duka, inataka ya majivu kidogo, andika jina lake kwa karatasi ukienda dukani.

Mafuta machafu

Hii ni shida yetu na lazima iingie kwa uamuzi. Miaka mingi watu wamekuwa wakichanganya mafuta ya taa na dizeli kwa sababu ya bei, mpaka 2018 serikali ikaweka tozo ya shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa kuzuia huo mchezo. Ilisaidia, kuna wakati mafuta ya taa yalikuwa bei juu ya dizeli, kama Septemba 2023 yalikuwa 202.61. Lakini Oktoba 2025 yalikuwa 154.78, chini ya dizeli kwa karibu shilingi 17, kwa hivyo kishawishi bado kipo. Mafuta ya taa hayana ulaini wa dizeli, na pampu na injekta za dizeli zinalainishwa na hayo mafuta yenyewe yanayopita ndani, kwa hivyo ukinunua mchanganyiko unasaga vyuma polepole. Dizeli ya zamani itakohoa iendelee. Ile ya kompyuta itakupelekea bili.

Maji nayo. Mtungi ulioachwa nje, tangi la pampu ya kijijini wakati wa mvua, maji yanaingia. Chini ya filta ya dizeli kuna mahali pa kufungua maji yatoke, mwambie fundi akuonyeshe siku ya kwanza na uwe unafanya mwenyewe, ni kufungua, kumwaga kidogo kwa chupa ya plastiki, kuangalia kama maji yamekaa chini, kufunga. Kwa petroli hii shida ipo lakini haina makali hayo, injekta zake zinafanya kazi kwa presha ndogo sana na ni rahisi kusafisha.

Na ukiwa petroli stesheni sema kwa sauti, "Dizeli, boss," na ushuke uangalie bomba. Ikiingia petroli kwa dizeli usiwashe, hata swichi usiguse, maana pampu ya ndani ya tangi inaweza kuanza kusukuma. Mwaga tangi pale pale.

Petroli haina makosa?

Inayo. Kwa mzigo na mlima inakula, nimeshasema. Kwa matope ya Kano, ile ardhi nyeusi inayoshika kama gundi, inataka ukanyage ndipo ivute, na ukikanyaga tairi inazunguka unazama zaidi, wakati dizeli inatoka polepole na mguu mwepesi. Ukiwa huko na mvua imenyesha Nyando imefurika, ujue kitu kimoja kuhusu zote mbili, maji yakiingia kwa njia ya hewa injini inavunjika, na dizeli inavunjika vibaya zaidi kwa sababu ya ule mbano wake mkubwa. Kwa hivyo usidanganywe ati dizeli ni boti.

Lakini upande wa sevisi petroli inapumzisha mfuko. 2TR inachukua oili kama lita tano na nusu, 2KD inachukua karibu saba. 2TR ina cheni ya taiming, 2KD ina belti ya kubadilishwa kila kilomita 150,000 na ikikatika imeharibu mengi. Plagi nne za petroli, koili, filta, umemaliza. Hakuna turbo ya kungoja ipoe baada ya mlima, hakuna pampu ya presha kubwa. Asubuhi unawasha unaenda. Na ukimpa dereva ambaye si wako, ambaye anawasha gari baridi na kukanyaga saa hiyo hiyo, petroli itamsamehe kwa muda mrefu kuliko turbo.

Kasoro yake kubwa huku kwetu ni kuuza. Ukiamua kuiuza, simu zitakuwa chache, na bei itashuka, kwa sababu ya ile imani niliyosema mwanzo. Lakini mnunuzi mwerevu anaitumia hiyo hiyo: pikapu ya petroli iliyotunzwa unaipata kwa bei nzuri kwa sababu watu wanaikimbia.

Kuna watu pia wanang'ang'ania Hilux wakati mzigo wao haufiki nusu tani. Mama anayetoa mboga soko la Wakulima kusambaza kwa hoteli, mtu wa mkate, mtu wa mayai. Hao waangalie pikapu ndogo za petroli, TownAce za 1.5 zinabeba mpaka kama kilo 750 na mafuta zinakunywa kidogo. Zile ndogo kabisa za 660 kama Suzuki Carry ni za kilo 350, na hizo usizipeleke Timboroa na mzigo kamili, tafadhali.

Ukienda kuangalia ya mtumba

Nenda asubuhi na umwambie muuzaji asiwashe. Ukifika weka mkono kwa injini, ikiwa na joto, rudi kesho, kwa sababu amekuficha namna inavyowaka ikiwa baridi. Ya dizeli iwashwe mbele yako. Moshi mweupe kidogo kwa baridi ya Nakuru ni sawa, ukiendelea baada ya dakika chache kuna nozeli ama mbano umeisha. Wa bluu ni oili. Ikiwa inanguruma, fungua kifuniko cha oili ukiweke juu ya tundu bila kukifunga. Kikicheza kidogo ni sawa. Kikiruka ama hewa inatoka kwa puu-puu kama mtu anapumua, mafundi wanasema hiyo injini inapumua, ringi zimechoka, na hapo unaongea bei ya ovaholi. Fungua rejeta ikiwa bado baridi, uangalie kama kuna mapovu yanayopanda injini ikizunguka, hiyo ni gasketi ama silinda hedi. Ya kompyuta beba fundi mwenye mashine asome namna kila injekta inavyosahihishwa, moja ikiwa mbali na zingine tatu ndiyo inayokufa.

Ya petroli, sikiliza sekunde za kwanza, kama cheni inagonga kisha inanyamaza oili ikipanda, imeshalegea. Toa plagi moja uangalie, ya rangi ya kahawia nyepesi ni nzima, yenye mafuta meusi ni ringi ama sili za valvu.

Halafu omba kuipeleka mlimani, na usiizungushe kwa lami tambarare ya mbele ya yadi. Nakuru panda nayo kuelekea Menengai, Kisumu panda nayo Kiboswa, dakika kumi za kupanda na dirisha likiwa wazi, ukiangalia geji ya joto na kioo cha nyuma. Muuzaji akikataa gari ipande mlima, mwache nayo.